Karibu Mboga

Kach.

Kimya. Kisha tena: kach, kach.

Ilikuwa sauti ndogo, nyuma ya ukuta wa chumba cha kulala, gizani, kabla hata jogoo wa jirani hajasafisha koo. Mtu mwingine angedhani ni panya anatafuna ganda, au bati linajinyoosha kwa baridi ya alfajiri. Mama Chiriku hakudhani kitu. Sauti ile aliijua kama alivyojua kikohozi cha mwanawe. Ni kikonyo cha spinachi kinavunjwa.

Alilala vilevile, mguu wa Chiriku umemlalia tumboni, akasikiliza. Mwizi? Mwizi hachumi huku anaimba. Na huyu wa huko nje alikuwa akivumisha wimbo puani, taratibu, kwa raha zake, kama mtu aliye jikoni kwake anayengoja chai ichemke.

"Baba Chiriku," akanong'ona, akamgusa mumewe begani. "Kuna mtu bustanini."

Mumewe akasikiliza bila kufumbua macho. "Ni dada," akasema, kama mtu anayesema ni mvua. "Lala."

Lala! Mama Chiriku akauondoa ule mguu mdogo tumboni, akaufunika vizuri, akajifunga kitenge, akatoka.

Nje kulikuwa na mwanga wa kutosha tu kutofautisha jani na kivuli chake. Wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, fundi cherehani mwenye duka pale kona, alikuwa ameinama juu ya tuta la spinachi, kapu miguuni, funguo za duka zikining'inia kiunoni. Kapu lilikuwa limejaa hadi kwenye mshikio.

"Shikamoo, wifi," akasema Mama Chiriku, na ulimi ukamwasha. Dunia hii ina mambo. Unamkuta mtu anavuna jasho lako, na bado wewe ndiye wa kuanza kumwamkia.

"Marahaba, mke wetu! Umeamka? Nilisema nisiwasumbue, nichume mara moja nikafungue duka."

"Wifi, umechuma moyo."

"Nimechuma nini?"

"Moyo wa mche. Huo ulio nao mkononi. Sisi tunachuma majani ya nje, moyo tunauacha ili utoe mengine. Ukishautoa moyo, mche umekwisha."

Wifi akaliinua lile jani changa, limekunjamana kama sikio la mtoto mchanga, akalitazama, akalitupia kapuni pamoja na wenzake. "Haya, mwalimu!" akacheka. "Mboga tu hizi, mama. Zinaota zenyewe. Na wewe mwenyewe si umeandika hapo nje kwa mkono wako? Karibu! Nami ndio nimekaribia."

Akajitwika kapu, akaenda zake, akiuendeleza wimbo wake palepale alipouachia.

Mama Chiriku akapiga magoti kwenye tuta. Alipapasa mche mmoja, akapapasa wa pili. Katikati ya kila mmoja, pale palipokuwa na moyo, kidole chake kilikuta unyevu tu, kama pengo la jino lililong'olewa.

Na lililomuuma zaidi ni kwamba maneno yale, karibu mboga, ni kweli aliyaandika yeye.

Alikuwa amesoma masomo ya jioni, katika darasa lenye taa moja iliyokuwa ikikonyeza, Chiriku akiwa titini upande huu na kalamu upande ule. Siku moja mwalimu aliandika ubaoni neno uchumi, akauliza limetoka wapi. Watu wakataja serikali, wakataja benki, mmoja akataja ng'ambo. Mwalimu akatikisa kichwa. "Limetoka bustanini," akasema. "Kuchuma. Mwenye kuchuma ndiye mwenye uchumi." Darasa likacheka, lakini Mama Chiriku alilibeba neno lile hadi nyumbani kama mtu aliyebeba yai kiganjani. Wakati huo nyuma ya nyumba palikuwa na vifusi, vyungu vilivyopasuka na mikutano ya paka. Kesho yake akashika jembe.

Zinaota zenyewe! Ungeulizwa mgongo wake. Ungeulizwa ule udongo aliouchekecha kwa chekeche bovu la unga hadi kokoto zikaisha. Ingeulizwa ile mbolea ya kuku aliyoiomba kwa mfugaji wa mtaa wa pili, akaibeba kichwani, akaisubiri ioze huku majirani wakifunga madirisha na kumsonya. Maji ya kusuuzia nguo aliyahamisha ndoo kwa ndoo, hata tone la kumwaga hovyo asiwe nalo. Viwavi aliwaokota kwa vidole, mmoja mmoja, Chiriku akiwapa majina na kuwaaga kwa machozi. Kama mboga zinaota zenyewe, mbona hazikuota zenyewe miaka yote ile wakati wifi akija kunywa chai na kulalamika kwamba uani kwa mdogo wake pananuka paka?

Mboga zilipokubali, alitafuta ubao kwenye kitanda kilichovunjika. Mumewe, aliyekuwa fundi baiskeli, akampa masalio ya rangi nyekundu. Mama Chiriku akakaa mbele ya ule ubao akijiuliza aandike nini. Akawakumbuka wauza mboga wote aliowahi kuwapita maishani mwake, wanavyoita: karibu mboga, karibu nyanya, karibu mama usipite! Basi naye akaandika kwa herufi kubwa zilizonyooka, KARIBU MBOGA, akakitundika kibao penye njia ya kuingilia.

Sokoni neno lile lina maana moja tu: fungua pochi. Lakini sokoni si nyumbani. Mlangoni pa nyumba, karibu ni karibu. Ukimwambia mtu karibu ukamdai malipo, utaitwaje?

Wa kwanza kuja alikuwa mzee jirani, na sufuria mkononi. "Nimeona umetukaribisha, mwanangu," akasema. "Mungu akuzidishie." Akachuma, akabariki, akaondoka. Baada yake wakaja wanawake wawili wa nyumba ya pili, na hao hawakuchuma kabisa. Waliingia ndani, wakavua viatu, wakakaa, wakasubiri kupakuliwa. Mama Chiriku alipowaeleza kwamba mboga ni mbichi, na ni za kuuza, mmoja alijifunika uso kwa aibu na mwingine akacheka hadi akashika ukuta. Toka siku hiyo wakawa wateja. Mzee naye alipopata habari alirudi na sufuria ileile, safari hii na sarafu ndani yake, zikigonga kengele njia nzima. "Mgeni siku mbili," akasema, "ya tatu mpe bei."

Mtaa mzima ukaelewa, kasoro mtu mmoja. Na yeye hakuwa mgumu wa kuelewa. Alikuwa fundi wa kupima mabega ya watu kwa jicho tu.

Asubuhi ile, baada ya kumvisha Chiriku na kumwacha kwa baba yake, Mama Chiriku alichuma yaliyobaki, akayafunga mafungu, akaenda hosteli ya wanafunzi wauguzi. Mpishi mkuu wa pale aliitwa Bi Mwiko, kwa sababu mbili: mwiko haukumtoka mkononi, na mboga iliyolala kwake ilikuwa mwiko. Wiki iliyotangulia alikuwa ameonja kikonyo kimoja kibichi cha Mama Chiriku, akakitafuna polepole macho yakiwa juu ya dari, kisha akasema, "Hii haijaona soko." Akaahidi kutoa jibu.

Na jibu hilo Mama Chiriku alikuwa akililalia na kuliamkia. Hosteli ikinunua kila asubuhi, hatakuwa tena mama mwenye kabustani. Atakuwa mfanyabiashara. Atalima na kile kipande cha kando ya uzio. Na Chiriku, ambaye alikuwa anakaribia kuanza shule, ataingia darasa la mchana, lenye madirisha, si darasa la jioni lenye taa inayokonyeza. Hilo ndilo alilolitaka. Mengine yalikuwa nyongeza.

Bi Mwiko alikuwa anamenya vitunguu bila kutoa chozi. Alimtazama Mama Chiriku, akalitazama kapu, akainama chini ya meza. Alipoinuka alikuwa ameshika fungu la spinachi lililofungwa kwa ukanda wa kitambaa cha buluu.

"Hizi unazijua?"

Kati ya majani, imejikunja kama masikio ya watoto wachanga, Mama Chiriku aliiona mioyo. Ingawa fungu lilikuwa la jana, mboga zake angezitambua hata kama zingekuwa zimepikwa.

"Nazijua," akasema.

"Jana nimefuata aproni zangu kwa fundi wa kona. Kaniongezea fungu hili. Bure! Kila anayeshona kwake anapewa. 'Nyongeza,' ananiambia, 'kutoka bustani yetu.'" Bi Mwiko akaliweka fungu mezani. "Sasa niambie, mwanangu. Mboga ninayopewa bure kwa kushonesha aproni, ninunue kwako ya nini?"

"Bi Mwiko, hajaniomba. Anachuma tu."

"Anachuma nawe umekaa?"

"Ni wifi yangu. Mkubwa."

"Nami ni bibi wa watu, lakini sijala bure kwa mtu." Akachomeka kisu kwenye kitunguu. "Sikiliza. Sina shida na mboga zako. Mboga zako nzuri. Shida yangu ni kwamba sinunui kwa mtu ambaye hajui kama anauza. Leo nimwambie msimamizi nimepata muuzaji, kesho nije nikute wifi kapita, nipike nini, mwiko? Kesho asubuhi nitapita kwako. Nikikuta bustani ina mwenyewe, tutaongea. Nikikuta ni ya kila apitaye, nitarudi sokoni kwangu."

Alitoka pale masikio yanawaka. Bustani yetu! Hilo "yetu" lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Mchumia juani hulia kivulini, walisema wahenga. Hawakusema kwamba wa juani anaweza kuwa mtu huyu, na wa kivulini akawa mtu mwingine kabisa, amekaa kwenye stuli, anakanyaga cherehani na kugawa nyongeza.

Miguu haikumpeleka nyumbani. Ilimpeleka kona.

Duka lilikuwa limejaa. Wateja watatu walikuwa kwenye benchi, mwingine amesimama mikono juu anapimwa kiuno. Kwenye dirisha, ndani ya beseni la maji, mafungu ya spinachi yamepangwa kama maua ya harusi, kila moja na ukanda wake wa kitambaa.

"Wifi, naomba tuongee pembeni."

"Pembeni kwani tuna siri? Sema, mama. Hawa ni watu wangu."

"Zile mboga. Nimesikia unawapa wateja."

"Nawapa," akasema wifi, akivuta futi kamba. "Mkono mtupu haulambwi."

"Lakini huo mkono ni wangu, wifi."

Benchi zima likaguna. Aliyeinua mikono akaishusha. Wifi akaizungusha futi kamba shingoni, pole pole, na lile tabasamu likamtoka.

"Wako? Tuanze basi. Kiwanja kile cha nani? Si cha mdogo wangu? Na huyo mdogo wangu, mama yetu alipofariki, alilelewa na nani? Nilimlisha kwa cherehani hii, nikilala juu yake, nikiamka juu yake. Leo majani yaote uani kwake, nikaombe ruhusa kwa nani?"

Mama Chiriku alijua kwamba yote hayo ni kweli. Ndiyo maana yaliuma. Ukitaka kumnyamazisha mtu, usimpige kwa uongo. Mpige kwa ukweli uliotoka mahali pengine.

"Uliposhona gauni la Chiriku," akasema, "mtoto wa huyohuyo mdogo wako, ulinidai mpaka uzi. Nikakuuliza, hata uzi, wifi? Ukasema biashara haina undugu."

"Ile ni nguo!" Wifi akapiga meza. "Nguo ina kazi, mama. Inapimwa, inakatwa, inashonwa, inapigwa pasi. Hizi ni mboga tu. Nani amewahi kushona spinachi?"

Watu wakaangua kicheko. "Na kibao chenyewe kinasema karibu," akaongeza mmoja wa benchi, mwenye fungu lake mapajani, bila hata kuona haya.

Jibu lilikuwepo. Lilikuwa neno moja tu: nunua. Nunua, wifi. Alilifanyia mazoezi njia nzima. Lakini kumwambia wifi mkubwa, aliyemlea mume wako, anunue mboga uani kwa ndugu yake, mbele ya watu, ni kumvua nguo hadharani, tena fundi wa nguo. Neno likafika kwenye meno, likageuka, likarudi tumboni. Mama Chiriku akatoka na kapu lake. Nyuma yake cherehani ikaanza kucheka: tiki tiki tiki tiki.

Kikulacho kinguoni mwako, akawaza, na kwa mara ya kwanza siku hiyo karibu atabasamu, kwa jinsi methali ilivyompata fundi cherehani sawasawa. Halafu hasira ikarudi kwa kasi, akaongeza mwendo.

Jioni, jua lilipokuwa limeshuka, mumewe alikuwa amekaa uani anainyoosha rimu iliyopinda, anaizungusha na kuisikiliza. Chiriku alikuwa kando yake, anazungumza na mnyororo. Mama Chiriku akayasema yote, bila kupumzika, kuanzia mioyo hadi beseni la dirishani. Mumewe akaendelea kuzungusha rimu.

"Ni dada yangu," akasema mwishowe. "Na ni mboga tu, mke wangu. Zitaota nyingine."

"Usiniambie tu!"

Hata Chiriku aliacha kuzungumza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Baiskeli nayo ni chuma tu," akasema Mama Chiriku. "Si ndiyo? Mtu aje hapa ajibebee mnyororo, ajibebee usukani, aseme ni chuma tu, kitapatikana kingine. Utakaa? Wewe una chuma chako, Baba Chiriku, nami nina kuchuma kwangu. Hicho ndicho nilicho nacho. Sina kingine."

Rimu ikapunguza mwendo, ikasimama.

"Alinilea," akasema mumewe, chini chini.

"Najua. Na kwa kulelewa kwako namwamkia kila alfajiri, hata akiwa amejitwika jasho langu. Akiugua nitamwogesha. Akija saa yoyote chai yake ipo. Heshima nitampa mpaka nife. Spinachi siwezi."

Mumewe akaiegemeza rimu ukutani.

"Nitamwambia," akasema mumewe.

"Ulisema hivyo alipoumaliza mchicha wangu."

Mama Chiriku akaenda penye njia, akaking'oa kibao, akakileta uani. Akachukua kipande cha msasa cha mumewe akaanza kusugua. Herufi zilikataa kutoka. K ilishikilia ubao kama kupe, na yeye akaisugua kwa hasira zote alizokuwa amezimeza tangu alfajiri, hasira ya kapu, ya beseni, ya benchi, ya cherehani inayocheka, mpaka vumbi jekundu likamjaa mikononi na ubao ukabaki mweupe.

Chiriku akaja akachuchumaa. "Mama, andika mimi."

"Wewe huuzwi, mama yangu. Sogea kidogo, unanizibia mwanga."

"Unaandika nini?"

"Soma. Hii umefundishwa jana. Hii ni nini?"

"Mmm. Mbo!"

"Haya. Na hii?"

"Ga. Mbo, ga. Mboga!" Akapiga makofi, akawatangazia baba yake na mnyororo.

Neno la pili lilikuwa refu. Chiriku alipofika mwisho wake alikwama, akatumbukiza kidole kwenye rangi, akapaka pua, akaenda kulala kabla hawajamaliza. Mumewe akasimama nyuma ya mkewe, akasoma, akasoma tena.

"Hakuna karibu?"

"Hakuna. Karibu iko ndani, kwenye kiti na kikombe. Huku nje ni biashara."

Akamwona anageuka kuondoka. Lakini alikwenda kwenye boksi lake la vifaa tu. Alirudi na nyundo, na misumari mdomoni. Hakukirudisha kibao penye njia. Alichonga kijiti ncha, akakigongelea hapo, akaenda kukichomeka katikati kabisa ya tuta la spinachi, mbele ya miche michache iliyokuwa bado na mioyo yake. Akarudi nyuma kukitazama kwa jicho moja, kama anavyotazama rimu.

"Kibao hiki," akasema, akitema msumari uliobaki, "kitamzaba mtu kibao."

Alikuwa hajatania hivyo kwa muda mrefu. Mama Chiriku akacheka, machozi yakamtoka humohumo.

Asubuhi wifi hakuja gizani. Alikuja kweupe, amevaa vizuri, na kapu kubwa kuliko la jana. Pengine kulikuwa na aliyemwambia habari za kibao, pengine alikuwa ametaka mwenyewe kuonekana. Mama Chiriku alikuwa anamwagilia kwa kopo lililotobolewa matundu. Mumewe alikuwa mlangoni na mswaki mdomoni. Na penye njia ya kuingilia, amekunja mikono, mwiko ukichungulia kwenye mkoba, alikuwa amekwishasimama Bi Mwiko. Hakubisha hodi. Alikuwa anatazama.

"Shikamoo, wifi," akasema Mama Chiriku.

"Marahaba, mama." Wifi akampita. Kapu lake likakigusa kibao, kibao kikayumba, kikasimama. Akainama kwenye tuta.

"Wifi."

"Abee."

"Kuna kibao."

"Nakiona, nimekaribia kukigonga. Nimesahau miwani." Hakugeuka. "Kimeandikwa karibu, si ndiyo? Mimi ni mtu wa nyumbani, mke wetu, sihitaji kukaribishwa kila siku." Na kidole chake cha kati na gumba, vidole vya fundi, vyepesi na vyenye uhakika, vikashuka katikati ya mche, vikaushika moyo.

Mama Chiriku akafumbua mdomo. Lile neno lilikuwepo. Lilikuwa hapohapo, nyuma ya ile shikamoo aliyoitoa sasa hivi, na shikamoo ilikuwa imeziba mlango wote. Akamtazama mumewe. Mswaki ulikuwa umesimama, povu likimtiririka kidevuni. "Dada," akaanza mumewe, akapaliwa na povu, akakohoa. Penye njia, Bi Mwiko akashusha mikono aliyokuwa ameikunja, kama mtu anayejiandaa kwenda zake. Maji ya kopo yakawa yanamwagika mahali pamoja tu, yakachimba kishimo, na Mama Chiriku asiyaone.

Basi akatokea Chiriku, peku, nguo ya kulalia imepinda, pua bado ina alama nyekundu. Alimsikia shangazi yake akisema hana miwani, na kumsaidia mtu asiyeona ni jambo alilofundishwa. Akapita kati ya matuta kwa adabu, bila kukanyaga mche hata mmoja, akasimama mbele ya kibao, akaweka kidole.

"Mbo," akasema. "Ga."

Hakuna aliyemwingilia. Wifi alibaki ameinama, vidole palepale.

"Zi. Na. U..." Akafika pale pagumu, alipokwama jana. Akakunja uso. Akamgeukia mama yake, na mama yake, bila sauti, akaiumba midomo yake polepole, kama alivyomwonyesha mara nyingi kando ya taa. Chiriku akaitazama ile midomo. Uso ukamfunguka wote. Akamgeukia shangazi yake, akavuta pumzi, akalisema lote kwa mkupuo, kwa sauti kubwa, ili asiyeona asikie:

"Mboga zinauzwa, shangazi."